Kupima Njia ya Galaksi: Kutoka Cape Town hadi Carnarvon

Barabara kuu ya N1 inatoka Cape Town, inapenya mlima kwa handaki la Huguenot, inalipita bonde la mto Hex lenye mashamba ya mizabibu, kisha inaibukia Karoo, nchi kame ya vichaka vifupi na kondoo, yenye miji iliyoachana mbali. Wengi huipita haraka, wakiwahi Johannesburg. Mimi niliifuata kwa shabaha moja. Kuanzia kitongoji cha Observatory mjini Cape Town hadi mji mdogo wa Carnarvon, barabara hii na matawi yake imeunganisha vituo ambavyo kwa karibu miaka 200 vimetumika kuipima mbingu: kwanza nyota jirani, kisha galaksi jirani, kisha mikusanyo mikubwa ya galaksi. Nilikwenda nikiwa na hoja, na vituo hivyo vimeitia nguvu. Watu wakisikia habari za galaksi huvutwa na kasi, kwamba hii inatujia na ile inatukimbia. Lakini mzigo wote wa elimu hiyo umebebwa na umbali. Kasi isiyo na umbali haitoshi kutuambia chochote cha hakika, na mara nyingi imetupotosha.

Kasi, kwa kweli, ni kipimo chepesi. Mwanga wa galaksi hupitishwa kwenye kifaa kinachoutawanya katika rangi zake, na ndani ya rangi hizo huonekana mistari ya elementi kama hidrojeni na kalsiamu. Mistari ikiwa imesogea upande wa buluu, galaksi inakuja. Ikiwa imesogea upande wa wekundu, inakwenda. Kwa vifaa vya leo kazi hiyo humalizika kwa usiku mmoja au chini yake. Vesto Slipher, akiwa Flagstaff katika jimbo la Arizona, aliipima Andromeda kwa njia hiyo mwaka 1912 akakuta inatujia kwa takriban kilomita 300 kwa sekunde. Kufikia mwaka 1917 alikuwa na kasi za mawingu 25 ya mviringo wa konokono, na 21 kati yake yalikuwa yanatuacha. Namba zake zilikuwa sahihi. Ila wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika kama Andromeda ni wingu la gesi ndani ya galaksi yetu au ni galaksi nyingine iliyo mbali kabisa, na kwa hiyo hapakuwa na aliyeweza kusema kasi hizo zina maana gani. Mbaya zaidi, Adriaan van Maanen wa Mount Wilson alidai ameyaona mawingu hayo yakizunguka kwa kulinganisha picha za miaka tofauti. Kama dai hilo lingekuwa kweli, yasingeweza kuwa mbali, kwa maana mzunguko unaoonekana kwa macho ya kamera kutoka umbali mkubwa ungehitaji kasi isiyowezekana. Harlow Shapley aliliegemea dai hilo katika mjadala wake na Heber Curtis mjini Washington mwezi Aprili 1920. Van Maanen alikuwa amekosea kipimo. Kilichokuja kumsahihisha ni umbali, uliopatikana kwa njia nyingine kabisa.

Njia hiyo nyingine ina mwanzo wake hapahapa kusini mwa Afrika, katika bustani ya Observatory ambako kituo cha kifalme cha Waingereza kilianzishwa mwaka 1820 na ambako leo yapo makao makuu ya Kituo cha Falaki cha Afrika Kusini. Thomas Henderson aliitazama nyota ya Alpha Centauri kutoka hapa mwaka 1832 na 1833, akaandika mahali pake mbinguni mara kwa mara, kisha akarudi Scotland akakokotoa. Dunia inapozunguka jua, nyota iliyo karibu huonekana kuhama kidogo mbele ya nyota za mbali, na kiasi cha kuhama huko, yaani paralaksi, ndicho kinachotoa umbali. Henderson alitangaza jibu lake Januari 1839, miezi michache tu baada ya Friedrich Bessel kutangaza umbali wa nyota ya 61 Cygni. Jibu hilo liliiweka nyota karibu mno. Miaka ya 1880 David Gill na William Elkin waliipima upya wakiwa Cape, wakapata thamani iliyo karibu sana na ya leo: miaka ya nuru 4.37. Naona jambo hili lina uzito kuliko heshima ya kuwa wa kwanza au wa pili. Kipimo cha umbali hakikuzaliwa kikiwa kamili. Kilizaliwa kikiwa na kosa linaloweza kutafutwa, na waliofuata wakalitafuta.

Paralaksi yenyewe ina msingi chini yake, kwa sababu humpa mpimaji umbali wa nyota kwa kulinganisha na umbali wa dunia kutoka jua, na huo nao ulipaswa kupimwa. Ndiyo sababu mji wa reli wa Touwsrivier, ambao msafiri wa N1 huupita bila kugeuza kichwa, una mahali pake katika habari hii: hapo wanafalaki wa Kiingereza walisimamisha darubini zao Desemba 1882 ili kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, wakitafuta urefu wa hatua hiyo ya kwanza.

Baada ya Matjiesfontein njia ya Sutherland inaiacha N1 na kuelekea kaskazini, ikipanda uwanda wa juu. Huku ndiko hoja inakohama kutoka nyota kwenda galaksi, na haiwezi kuhama bila Mawingu ya Magellan. Haya ni galaksi mbili ndogo jirani, zinazoonekana kwa macho matupu kama madoa meupe katika anga la kusini, na ambazo mtu wa Ulaya au Marekani Kaskazini hawezi kuziona akiwa kwake. Picha zake zilipigwa na kituo cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichokuwa Arequipa, Peru, zikapelekwa Marekani, na Henrietta Swan Leavitt akazichunguza nyota moja moja. Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota 1,777 zinazobadilika mwangaza katika Mawingu hayo. Mwaka 1912, akitumia nyota 25 za Wingu Dogo, alionyesha kwamba nyota za aina ya Sefeidi zinazochukua siku nyingi kupanda na kushuka mwangaza ndizo zenye mwangaza mkubwa zaidi. Aliweza kuliona hilo kwa kuwa nyota zote za Wingu hilo ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu. Mtu akitazama taa usiku hawezi kujua kama ni hafifu na iko karibu, au ni kali na iko mbali. Leavitt alikuwa amepata taa ambazo nguvu yake imeandikwa katika kupepesa kwake.

Edwin Hubble aliitafuta taa hiyo ndani ya Andromeda, akaipata Oktoba 1923 kwa darubini ya Mount Wilson yenye kioo cha mita 2.5. Mwaka 1925 alichapisha pia umbali wa galaksi ndogo ya NGC 6822: miaka ya nuru 700,000. Hapo ubishi wa kama kuna galaksi nyingine ukaisha, na kasi za Slipher zikapata maana kwa mara ya kwanza. Georges Lemaître mwaka 1927 na Hubble mwaka 1929 waliziweka kasi na umbali pamoja, wakaona kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotuacha kwa kasi zaidi. Ulimwengu unatanuka. Nasisitiza mfuatano huu: kasi zilikaa zaidi ya miaka kumi zikisubiri umbali, nazo hazikusema neno mpaka umbali ulipofika.

Pingamizi la kwanza linakuja hapa, nalo ni zito. Ikiwa kila hatua inasimama juu ya hatua iliyo chini yake, Sefeidi juu ya paralaksi, na paralaksi juu ya umbali wa jua, basi kosa dogo la chini litakua kila linapopanda, na huko juu tutakuwa tunapima makosa yetu wenyewe. Pingamizi hili si la kubuni, kwa kuwa ndivyo ilivyotokea. Umbali wa Andromeda aliotoa Hubble ulikuwa chini ya nusu ya ule tunaoujua leo, ambao ni takriban miaka ya nuru milioni 2.5; ule wa NGC 6822 vilevile, kwani leo unahesabiwa kuwa kama milioni 1.6. Kosa hilo lilileta ulimwengu wenye umri wa takriban miaka bilioni 2, mdogo kuliko mawe ya dunia. Aliyekuwa na imani na kasi tu asingeweza kujua kosa liko wapi.

Jibu limesimama kwenye kilima nje ya mji wa Sutherland, takriban kilomita 370 kutoka Cape Town na karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kati ya darubini za hapo iko moja yenye kioo cha mita 1.9, iliyokuwa Pretoria katika kituo cha Radcliffe kabla ya kuhamishiwa huku miaka ya 1970. Kwa darubini hiyo, ikiwa bado Pretoria, David Thackeray na Adriaan Wesselink walitafuta ndani ya Mawingu ya Magellan nyota za aina nyingine kabisa, zile za RR Lyrae, zilizo kongwe na zenye mwangaza unaojulikana. Walizikuta zikiwa hafifu kuliko zilivyotarajiwa. Maana yake ni kwamba Mawingu yako mbali kuliko ilivyodhaniwa. Wakati huohuo Walter Baade huko California, ambaye alikuwa ameichunguza Andromeda vizuri wakati taa za Los Angeles zilipozimwa kwa ajili ya vita, alikuwa akidai kwamba Sefeidi ni za aina mbili na kwamba zimechanganywa. Mwaka 1952, katika mkutano wa wanafalaki mjini Roma, Baade alitangaza hoja yake, na Thackeray akasimama kuunga mkono kwa matokeo ya Pretoria. Umbali wa galaksi zote ukaongezeka karibu mara mbili. Watu wawili wasiotumia nyota za aina moja wala anga moja walikuta kosa lilelile, la ukubwa uleule. Kwa hiyo namjibu mwenye pingamizi hivi: upimaji wa umbali hautegemei mnyororo mmoja. Ni minyororo kadhaa inayokutana mahali pamoja, na inapokutana kosa la mmoja hufichuliwa na wenzake. Sehemu kubwa ya kukutana huko hufanyika ndani ya Mawingu ya Magellan, ndiyo sababu vituo vya kusini havikuwa nyongeza ya vile vya kaskazini. Vilikuwa mahakama yao.

Tangu wakati huo minyororo imeongezeka. Mwaka 2019 kundi la Grzegorz Pietrzyński lilichapisha umbali wa Wingu Kubwa uliopatikana kwa jozi za nyota zinazotiana kivuli, bila Sefeidi wala RR Lyrae: takriban miaka ya nuru 162,000, kwa kosa la karibu asilimia 1. Galaksi ya NGC 4258 imepimwa kwa mawimbi ya redio yanayotoka kwenye mvuke wa maji unaozunguka kiini chake, ambapo jiometri peke yake hutoa jibu la karibu miaka ya nuru milioni 25. Setilaiti ya Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, imetoa paralaksi za nyota zaidi ya bilioni moja. Hapa Sutherland, Patricia Whitelock, Michael Feast na John Menzies waliitumia darubini ya infraredi ya Wajapani na Waafrika Kusini kufuatilia kwa miaka nyota kubwa nyekundu zinazopwita katika galaksi jirani, mojawapo ikiwa NGC 6822 ileile ya Hubble. Ugomvi haujaisha: wanaopima mtanuko kwa ngazi ya Sefeidi na supanova wanapata karibu kilomita 73 kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26, wanaoukokotoa kutokana na mwanga wa kale wa ulimwengu wanapata 67.4, katika kipimo ambacho Hubble alipata 500. Wengine huuchukua ugomvi huu kuwa dalili kwamba hakuna linalojulikana. Naona kinyume chake. Watu wanaogombania asilimia 8 ni watu ambao vipimo vyao vimekuwa vizuri kiasi cha kuweza kugombana kwa haki.

Pingamizi la pili hutolewa na wanaojua mambo. Wanasema: kwa kuwa kasi huongezeka na umbali, pima kasi, ugawe kwa kiwango cha mtanuko, umepata umbali, shida ya nini? Kwa galaksi za mbali sana wana haki, na watafiti hufanya hivyo kila siku. Kwa galaksi jirani njia hiyo inavunjika. Mtanuko huongeza kama kilomita 70 kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26, kwa hiyo galaksi iliyo miaka ya nuru milioni 10 kutoka hapa ingepaswa kutuacha kwa kilomita 200 na ushei. Lakini galaksi zina mwendo wake wenyewe, kwa kuvutwa na majirani, na mwendo huo hufika mamia ya kilomita kwa sekunde. Andromeda inatujia, ukiigawia kanuni hiyo utapata umbali ulio chini ya sifuri. M86, iliyo ndani ya kundi kubwa la Virgo upande wa nyota za Mashuke, iko zaidi ya miaka ya nuru milioni 50 kutoka kwetu, na bado inatujia kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde kwa sababu inaanguka kwenye kundi lake. Ndiyo maana Igor Karachentsev na wenzake wa Urusi na Ukraine walijitwisha kazi ya kukusanya umbali wa majirani hawa mmoja mmoja. Orodha yao ya mwaka 2013 ina galaksi 869.

Kazi hiyo hulipa kwa namna ambayo kasi haiwezi. Ukishajua umbali kwa njia huru, unaondoa sehemu ya mtanuko, na kinachobaki ni mwendo halisi wa galaksi, alama ya mvuto unaoivuta. Kutokana na mwanga wa kale wa ulimwengu tunajua kwamba kundi letu dogo, lenye galaksi yetu ya Njia Nyeupe, Andromeda na galaksi ndogo nyingi, linakwenda kwa takriban kilomita 630 kwa sekunde. Brent Tully na wenzake waliuchambua mwendo huo mwaka 2008. Sehemu ya karibu kilomita 185 inaelekea Virgo. Sehemu nyingine ya karibu 260 inatoka kwenye utupu mkubwa ulio jirani nasi, ambao hautuvuti kama pande nyingine zenye galaksi, na kwa hiyo ni kama unatusukuma. Iliyobaki inatokana na mikusanyo ya mbali zaidi. Utupu hautoi mwanga wala mstari wa rangi. Umegunduliwa uzito wake kwa sababu kuna watu waliopima umbali wa galaksi zilizo pembezoni mwake.

Hata habari ya kugongana na Andromeda, inayopendwa sana magazetini, ina funzo hilohilo. Mstari wa rangi hutoa kasi ya kuja tu. Kasi ya kwenda pembeni hupimwa kama pembe ndogo mno kwa darubini ya anga-nje ya Hubble, na pembe haigeuki kuwa kilomita mpaka izidishwe kwa umbali. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba mgongano utatokea baada ya takriban miaka bilioni 4. Mwaka 2025 kundi la Till Sawala lilirudia hesabu likijumuisha mashaka yote ya vipimo na mvuto wa Wingu Kubwa la Magellan, likapata kwamba uwezekano wa kugongana ndani ya miaka bilioni 10 ni kama nusu kwa nusu. Kasi ya kuja ilikuwa ileile aliyoiona Slipher.

Kutoka Sutherland njia ya changarawe inakwenda Fraserburg, kisha Loxton, kisha Carnarvon. Kiasi cha kilomita 90 kutoka mji huo yako madishi 64 ya MeerKAT, yaliyozinduliwa Julai 2018. Madishi haya husikiliza wimbi la sentimita 21 la hidrojeni, ambalo lina faida mbili. Hupenya vumbi la Njia Nyeupe, linaloficha sehemu kubwa ya galaksi zilizo nyuma yake. Na upana wa wimbi lenyewe huonyesha galaksi inazunguka kwa kasi gani. Brent Tully na Richard Fisher walionyesha mwaka 1977 kwamba galaksi inayozunguka kwa kasi zaidi ina mwangaza mkubwa zaidi, na hapo umbali ukapatikana kwa maelfu ya galaksi. Kwa vipimo zaidi ya 8,000 vya aina hii na nyingine, mwaka 2014 Tully, Hélène Courtois, Yehuda Hoffman na Daniel Pomarède walichora Laniakea, eneo la upana wa miaka ya nuru zaidi ya milioni 500 ambamo mienendo yote inaelekea ndani.

Msomaji makini atauliza: kipimo cha Tully na Fisher kina kosa la karibu asilimia 20, kwa galaksi iliyo miaka ya nuru milioni 300 hilo ni kosa la zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, kubwa kuliko mwendo unaotafutwa. Ni kweli, na kwa galaksi moja kipimo hicho hakifai. Hufaa zikiwa nyingi, ambapo makosa ya huku na huku hupunguzana, na hufaa kwa ramani ya jumla pekee. Mpaka wa Laniakea kwa hiyo si ukuta. Uchambuzi wa mwaka 2024 uliotumia galaksi karibu 56,000 umeonyesha kwamba huenda sisi ni sehemu ya bonde kubwa zaidi linaloelekea mkusanyo wa Shapley. Mwaka 2016 Renée Kraan-Korteweg wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walitangaza mkusanyo mwingine nyuma ya vumbi, wa Vela, karibu miaka ya nuru milioni 800 kutoka hapa. Ramani itabadilika tena, na kitakachoibadilisha ni umbali uliopimwa vizuri zaidi.

Limebaki pingamizi la mwisho, ambalo haliulizwi na wanafalaki. Afrika ina mahitaji mengi. Kwa nini ipime galaksi? Watu wa Karoo wana haki zaidi ya kuliuliza, kwa sababu sheria ya mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya falaki inazuia matumizi ya vifaa vya redio katika eneo lao ili madishi yasikie, na wao ndio wanaoubeba usumbufu huo. Siwezi kuwajibu kwamba galaksi zitawaletea maji. Nitasema kwamba anga la kusini ni rasilimali ambayo nchi tajiri za kaskazini hazina, kwamba anayeimiliki bila kuwa na wapimaji wake atabaki mlinzi wa lango, na kwamba upimaji wa aina hii hufundisha kazi ya kutafuta kosa na kulisahihisha hadharani, kazi inayohitajika katika kila wizara. Na mji uliotoa anga lake unastahili shule nzuri kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kenya imo katika orodha ya nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa SKA, utakaoyaunganisha madishi ya MeerKAT na mengine mengi. Mawingu ya Magellan huonekana kutoka Mombasa, Zanzibar na Mtwara, chini upande wa kusini, jioni za Desemba na Januari, kwa mtu aliye mbali na taa za mji. Vyuo vikuu vyetu vina walimu wa fizikia na vina wanafunzi. Takwimu za Gaia ziko wazi kwa kila mwenye intaneti, bila malipo. Wakuu wa idara hizo waanze sasa: wawape wanafunzi wa mwaka wa tatu Sefeidi za Wingu Dogo, wawaachie wapime wenyewe liko umbali gani, na wawadai waeleze kosa la kipimo chao.